Tupeane uzoefu: CD4 yako ya kwanza ilisoma ngapi?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tunaoishi na VVU, tunaomeza dawa. Swali la "uliupatia wapi" halina nafasi hapa.

Naanza mimi. Mwaka 2013 nilipima nikakutwa nao, CD4 (hesabu ya seli za kinga kwenye damu) 412. Nikaambiwa bado, dawa unaanzishiwa ukishuka chini ya 350, rudi baada ya miezi sita. Nilitoka pale nimefurahi kama mtoto aliyefaulu darasa la saba! Niliporudi ikasoma 365, mara iliyofuata 298. Na muda wote huo sikuumwa hata mafua, nikajua maabara wamechanganya vichupa. Kumbe ndivyo ugonjwa ulivyo, unakula kimya kimya miaka hata minane. Tangu 2016 hakuna kusubiri, ukikutwa tu unaanza siku hizo hizo. Sasa hivi nacheza kwenye 640. Shusheni zenu.

Bodaboda Mstaafu
412 unalalamika mkuu? Mimi nilikutwa na 63. Nilianza na mkanda wa jeshi ubavuni, nikapaka dawa ya duka, ukaisha. Zikaja fangasi mdomoni, hata chai ya moto sinywi. Hapo ndipo nikapima.

Sasa sikieni. Nilianzishiwa ARV, dawa za kufubaza VVU, pamoja na Septrin ya kukinga magonjwa nyemelezi, wiki ya tatu shingo ikavimba tezi kama limau, homa kila usiku. Shangazi akasema hizo dawa zinakuua, tupa. Nilikaribia kuzitupa kweli. Niliporudi kliniki daktari akaniambia TB ilikuwemo siku zote, ila mwili haukuwa na askari wa kupambana nayo. Dawa zilipoanza kuwarudisha askari wakamwona adui, vita ikaanza, na uvimbe ule ndio vita yenyewe. Nikameza dawa za TB miezi sita bila kuacha ARV. Mwaka wa kwanza nilifika 170 tu, wa nne 390. Shangazi hadi leo anasema ni maombi yake, namwachia.

Mama Pacha
Mimi nilikuwa na 540, nikashika mimba, ikasoma 390. Nililia hadi nesi akanivuta pembeni. Akasema, mama, ukiwa mjamzito maji ya damu huongezeka, kwa hiyo ukihesabu seli kwenye tone lile lile zinaonekana chache, hazijafa. Wingi wa virusi ulikuwa hauonekani kabisa. Baada ya kujifungua ikarudi yenyewe. Wanangu walipimwa wiki ya sita, wakapimwa tena nilipoacha kunyonyesha, hawana.

Mtu wa Maabara
Naongeza kidogo kwa upande wa kazi yangu. Kwa mtu mzima mwenye afya CD4 huwa kati ya 500 na 1,500 kwa milimita moja ya ujazo wa damu. Sampuli ya asubuhi na ya jioni hazilingani, hata malaria huishusha, kwa hiyo msizirai kwa tofauti ya 60 au 80.

Na hili la "askari" lina kasoro. Seli T (aina ya seli nyeupe za damu) zenye CD4 ni makamanda hasa: ndizo zinazoamrisha seli B zitengeneze kingamwili na kuzipa nguvu seli T za CD8 zinazoua. CD4 ni protini iliyo juu ya ngozi ya seli, na VVU huitumia kama kitasa cha mlango. Wiki za mwanzo kabisa wanaoteketea kwa wingi ni wale wa kwenye utumbo, ambao kipimo cha damu hakiwaoni. Tena nyingi zinazokufa hazikuwahi kuzaa kirusi hata kimoja. Kirusi kikiingia na kukwama njiani, seli hujilipua yenyewe.

Babu wa Kahawa
Nina miaka 61, virusi havionekani mwaka wa saba huu, lakini CD4 imegoma kwenye 280. Daktari akanionyesha kifuani, nyuma ya mfupa, kuna tezi inayokomaza seli T, na uzeeni husinyaa. Kitalu kimechakaa, miche inatoka kwa kuhesabu. Nameza tu.

Nimerudi Tena
Nilikuwa na 780 nikajiona nimepona, nikaacha. Nilirudi mwaka uliofuata na 211. Virusi vilikuwa vimelala ndani ya seli T zenyewe, na vikilala dawa haiviui.

Mgeni Jijini
Mbona kituo chetu hawapimi tena CD4 kila miezi sita? Nauliza naambiwa sihitaji.

Mwanzisha uzi
Wakishaona wingi wa virusi uko chini na uko sawa, wanakuachia. CD4 hupimwa mtu akianza dawa, akirudi baada ya kuacha, au virusi vikipanda. Wewe virusi vyako vinasomaje?

Mgeni Jijini
Chini ya 50.

Babu wa Kahawa
Basi kijana, unataka nini tena maabara? Njoo tunywe kahawa.