Kupanua C: Disk Management, GParted au kufuta yote?

mwanafunzi_kla: Habari zenu. Laptopu yangu ina diski moja ya SSD: C ni GB 80 na imejaa hadi Windows inakataa masasisho, D ni GB 157 na iko karibu tupu. Fundi wa Wandegeya, hapa Kampala, anataka afute yote aweke Windows upya. Wengine wananiambia Disk Management (iliyo ndani ya Windows), wengine GParted (programu ya bure ya kugawa diski, inayowashwa kwa flashi). Ipi salama?

fundi_arua: Usichague programu kabla hujaona kilichokaa kulia kwa C kwenye mchoro wa Disk Management. “Extend Volume” ya Windows inakubali tu nafasi tupu iliyopakana na C upande huo. Ukipunguza D, nafasi inatokea mwishoni mwa D, mbali na C, na “Extend” inabaki kijivu. Wengi hukwama hapo wakadhani diski ni mbovu. Kama C imepakana na D, hamisha mafaili ya D, ifute, panua C. Dakika chache tu.

mwanafunzi_kla: Nimeangalia. Katikati kuna kitu cha MB 600, “Recovery Partition”.

fundi_arua: Basi GParted. Disk Management haiwezi kusogeza patisheni (sehemu ya diski kama C, D au hiyo Recovery, ya kuokoa Windows). Lakini bado anza kwa kuhamisha mafaili ya D na kuifuta. Halafu washa kwa flashi ya GParted, sogeza hiyo ya MB 600 hadi mwisho wa diski, vuta C kwenda kulia. Ukiiacha D na kusogeza mwanzo wake, GParted italazimika kunakili data yake yote kwenda mahali papya, na hapo ndipo saa zinapoliwa. Ukirudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `reagentc /info` kuona kama Recovery bado inafanya kazi. Ikisema Disabled, `reagentc /enable`.

mama_stoo: Fundi, umeruka BitLocker, ule ufungaji wa data ya diski wa Windows! Laptopu nyingi za Windows 11 huja nayo imewashwa, na GParted haiwezi kupanua C iliyofungwa hivyo. Izime, usubiri imalize kufungua diski nzima, na ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi, si kwenye laptopu hiyohiyo (nimeyaona hayo). Pia `powercfg /h off`, la sivyo Windows inalala badala ya kuzimika na GParted inagoma kugusa C.

Na betri? Kama imekufa, laptopu yako ni sawa na kompyuta ya mezani. Umeme wa Yaka (wa kulipia kabla) ukiisha katikati ya kusogeza, data nusu iko pa zamani, nusu papya.

nile_jinja: Mimi simlaumu yule fundi wa Wandegeya moja kwa moja. Pima afya ya diski kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha Caution (tahadhari), usisogeze chochote: nunua SSD nyingine, nakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla, upanue huko, ya zamani ibaki kama bekapu. Ila kama ni nzima, kufuta yote ni kuchoma bando bure. Faili la kusakinisha Windows 11 peke yake linapita GB 5, bado masasisho na programu zako. GParted haifiki GB 1.

mwanafunzi_kla: Diski inasema Good. BitLocker ilikuwa imewashwa kweli, sasa inafunguka. Betri inashika saa mbili.

mama_stoo: Zinatosha, dada, lakini chomeka chaja. Na bekapu ya C pia, si ya D peke yake.