Feni gani zafaa kompyuta ya gemu kwa joto hili la Mombasa?

Kijana wa Kisauni: Asalaam alaikum wakubwa. Nina kompyuta ya gemu: prosesa ni Ryzen 5 3600 na feni yake ya kiwandani, kadi ya picha RTX 3060. Kasha lina kioo mbele, na feni moja tu nyuma. Tangu kaskazi lianze kuvuma, nikicheza gemu nzito prosesa inafika digrii 92, na mngurumo mama anausikia hadi sebuleni. Juu ni mabati, eisi hakuna. Nina elfu tano. Mjini nimeona seti ya feni tatu zenye taa za rangi, na pia Arctic P12 za mojamoja. Nichukue zipi?

Fundi Makadara: Waalaikum salaam. Usitoe pesa bado. Fungua ubavu wa kasha, cheza nusu saa, tazama namba. Zikishuka sana, hewa haingii. Zikibaki palepale, hata ujaze feni hazitakufaa. Hapo angalia feni ya prosesa, au ile pesti chini yake, dawa ya kupitisha joto kutoka prosesa, imekauka.

Nyali Gemu: Taa ni za harusi. 92 si mchezo, 3600 mwisho wake ni 95, ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe.

Kijana wa Kisauni: Nimefungua. Prosesa 79, kadi imetoka 81 hadi 70!

Fundi Makadara: Basi mchawi wako ni kioo. Tazama ukingoni mwake, utaona upenyo mwembamba wa kupitisha kidole. Hewa yote inapitia hapo. Ndiyo maana nakwambia P12: zimeundwa kusukuma hewa penye kizuizi, kama kichujio au upenyo kama huo. Weka mbili mbele zivute ndani, ya nyuma iendelee kutoa. Ikiingia nyingi kuliko inayotoka, ile ya ziada inatokea kwenye nyufa, kwa hiyo vumbi halipati njia isipokuwa kwenye kichujio, nacho unakiosha. Upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea. Wengi huzifunga kinyume. Halafu pima matundu ya feni kwanza, kuna makasha ya feni za milimita 120 na ya 140.

Mkaazi wa Mji wa Kale: Naongeza, ndugu yangu: feni haiwezi kushusha joto chini ya hewa ya chumbani. Chumba kikiwa 33 chini ya mabati, ndipo unapoanzia. Sogeza kasha mbali na ukuta, fungua dirisha jioni. Na sisi wa karibu na bahari, chumvi inakula vyuma. Mimi skrubu za kasha huzifuta kwa kitambaa kikavu, zisije zikagoma kufunguka.

Kijana wa Kisauni: Ahsanteni. Ila mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ina soketi moja tu iliyobaki ya feni. Na za pini 3 ni rahisi kidogo.

Fundi Makadara: Chukua za pini 4. Kasi inafuata joto, P12 yaanzia mizunguko 200 hadi 1,800 kwa dakika, mama atalala. Nunua waya wa kugawa, mbili kwa moja. Soketi kwa kawaida hubeba ampia 1, na hizo mbili hazikaribii hapo. Chenji inayobaki nunua pesti.