Mrejesho: Programu ya mikopo kwa wachuuzi wa samaki, Dunga

Wakuu, niliuliza nitumie njia gani kuwahoji wachuuzi wa samaki wa Dunga, Kisumu, kuhusu programu inayosoma miamala ya simu ili kuamua nani apewe mkopo. Dodoso nililiweka kando, nikafuata ushauri wenu wa kukaa nao na michoro ya skrini kwenye karatasi.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mama mmoja alichukua kalamu, akafuta mstari wa "pesa zilizoingia". "Hizo si zangu, mwanangu, ni za chama chetu cha kuweka akiba. Mashine yako itaniona tajiri, halafu uvuvi wa omena ukifungwa inione mwizi." Dodoso gani lingenipa hilo? Orodha ya namba zilizohifadhiwa kwenye simu zao, ambayo programu ilitaka kuisoma, waliikata kabisa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 iko upande wao: usikusanye zaidi ya unachohitaji.

Fomu ya ridhaa niliwasomea kwa sauti, Kiswahili na Kijaluo. Aliyependekeza wachuuzi wajiandikie daftari la kila siku, pole, halikushika. Mikono yenye magamba haiandiki. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umefaa zaidi. Mwenye programu bado anaitaka ile orodha ya namba. Nimemwandikia kukataa, nangoja jibu.