Miche ya kaktasi ya pipa inalala ubavu kila asubuhi, nimebaki na tisa

Mzee wa Vyungu ameandika:

Wakuu salaam. Nina kesi ya mauaji hapa, na mshukiwa nadhani ni mimi mwenyewe.

Nilisia mbegu 60 za ile kaktasi ya duara yenye miiba ya rangi ya dhahabu, ile ambayo watu huiita kiti cha mama mkwe. (Mama mkwe wangu akipita hapa ajue jina hilo sikulitunga mimi.) Kwenye pakiti imeandikwa Echinocactus grusonii. Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, kila moja kama kichwa cha pini. Nilichanganya mboji nusu na mchanga nusu kwenye kopo la plastiki, nikazitawanya juu bila kuzifukia, nikanyunyizia maji, nikafunika kwa mfuko wa nailoni.

Siku ya 6 nikaona tone la kijani. Siku ya 15 nilihesabu 43. Nikamwita mke wangu aje na miwani yake. Akainama, akatazama weee, akasema "huo ni ukungu," akarudi kwenye shughuli zake.

Siku ya 20 nikautoa mfuko. Nilijiambia huu ni mmea wa jangwani, kuulea kwenye mvuke ni kuudekeza. Nikaweka kopo dirishani penye jua la mchana, maji mara moja kwa wiki. Haikupita siku tatu miche ikageuka wekundu wa matofali. Nikashtuka, nikairudisha kivulini, nikamimina kikombe kizima cha maji.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Kila nikiamka nakuta miwili mitatu imelala. Juu bado kijani safi, lakini ukiugusa chini kwa kijiti cha meno, shingo ni laini kama kitu kilichochemshwa, na inakatika. Leo imebaki tisa, ina wiki tano. Halafu kuna vijinzi vyeusi vinavyokimbiakimbia juu ya udongo. Ukipuliza ndiyo vinaruka kidogo na kutua palepale.

Je, ni maji, ni jua, au ni hivyo vijinzi? Na hii tisa inaokoka? Natanguliza shukrani.

Jangwa Tupu:

Mkuu, maji hayo. Kaktasi haitaki maji. Yangu naimwagilia siku nikikumbuka, na ndiyo inayopendeza kuliko mimea yote niliyonayo. Acha kabisa mwezi mzima, utanishukuru.

Bibi Miiba:

Jangwa Tupu, hiyo yako ina ukubwa gani? Kama inalingana na kichwa cha mtu, ina ghala la maji tumboni, hata miezi miwili haitalalamika. Mche wa wiki tano hauna ghala, una mzizi mwembamba kama uzi wa pamba. Huwezi kumfungisha saumu mtoto mchanga eti kwa sababu babu yake anafunga.

Mzee wa Vyungu, pole. Huo ni kinyausi, kilekile kinachoangusha miche ya nyanya kitaluni. Ni kuvu ya udongoni, na inaingilia shingoni, pale mche unapokutana na udongo. Mche ukishalala usihangaike nao. Unayemwokoa ni jirani yake. Kwa hiyo usichomoe mche peke yake: chota na udongo unaouzunguka, kijiko cha chai kizima, ukatupe mbali. Kisha pulizia dawa ya kuvu yenye shaba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na uache kopo wazi siku mbili udongo wa juu ukauke kidogo. Kidogo, sio kupasuka.

Vijinzi vyenyewe havili mche. Vinataga kwenye mboji mbichi, na funza wao ndio wanaotafuna mizizi na shingo. Pale walipotafuna kuvu inapata mlango. Simika kipande cha karatasi ya njano yenye gundi pembeni ya kopo. Ukiona kimejaa, ujue mboji yako ndiyo nyumba yao. Mboji nusu ni nyingi mno. Mimi naweka sehemu moja tu kwa sehemu tatu za changarawe ndogo ya pumisi (jiwe jepesi la volkeno lenye vitundu), chembe zake kama punje za mchele. Nikishachanganya namwagia maji yanayotokota, nafunika, naacha ipoe usiku kucha. Nikisia bila kufanya hivyo najuta.

Wekundu ulikuwa wa jua kali. Unatisha lakini sio uliokuulia. Mche ukirudi penye mwanga mwingi usiokuwa wa jua moja kwa moja, ukijani unarudi polepole. Kilichoua ni kile kikombe. Miche iliyokuwa imekauka na kuchoka ikazamishwa ghafla kwenye udongo uliojaa wadudu. Na mfuko ulioutoa siku ya 20, mimi natoa baada ya miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Kopo likiwa safi na limefungwa vizuri, humwagilii hata mara moja. Asubuhi tazama kifuniko kwa ndani: kukiwa na matone, maji yapo. Basi.

Fundi Changarawe:

Shikamoo Bibi. Kwenye kinyausi nakubaliana nawe neno kwa neno, ila kwenye miezi mitatu ya kufungia, hapana. Hiyo ni kwa mtu mwenye mikono misafi kama yako. Sisi wengine mbegu moja ikioza mle ndani, ukungu mweupe unatandaa usiku mmoja kama utando wa buibui na unabeba zote.

Mbegu za aina hii mara nyingi zinakuja na mabaki ya nyama ya tunda iliyokauka. Hayo mabaki ndiyo chakula cha ukungu. Mimi naziloweka kwenye maji ya vuguvugu, nazisugua kwenye kichujio cha chai mpaka ziache kuteleza, nakausha juu ya karatasi, ndipo nasia. Toka nianze kufanya hivyo sijaona utando. Nasia kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Likishuka chini ya 20 mbegu zinalala tu.

Kifuniko naanza kukilegeza wiki ya nne: leo nusu saa, kesho saa moja, hadi baada ya wiki mbili hakipo. Na simimini maji juu kamwe. Kopo lenye matundu chini naliweka kwenye sahani ya maji, nikiona udongo wa juu umebadilika rangi naliondoa.

Halafu hili neno "jangwa" linatudanganya. Kwao ni Meksiko, upande wa Querétaro, kwenye kuta za makorongo, inang'ang'ania nyufa za miamba. Mbegu iliyoangukia kwenye ufa ina kivuli na unyevu kidogo. Iliyoangukia juani imekwisha. Sehemu ya makao hayo ilizama bwawa la Zimapán lilipojengwa miaka ya 1990. Ndiyo sababu mojawapo mmea uliojaa kwenye bustani dunia nzima, kwao umo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Hiyo tisa yako iheshimu, mkuu.

Mzee wa Vyungu:

Shikamoo Bibi, ahsante Fundi. Nimefanya upasuaji: vijiko vinne vya udongo nje, dawa ya shaba, karatasi ya njano. Hadi jioni karatasi ilikuwa na vijinzi 11. Nilikuwa nalala nao chumba kimoja!

Swali la nyongeza. Miche yangu haina mbavu kama zile za kwenye picha. Ina vinundu tu, kila kinundu na kijiba chake cheupe. Isije ikawa nimeuziwa mbegu za kitu kingine? Na maua lini?

Bibi Miiba:

Marahaba wanangu. Ndiyo hiyohiyo. Utotoni inavaa vinundu, na inakaa navyo miaka kadhaa. Baadaye vinundu vinajipanga mistari, mistari inaungana kuwa mbavu. Ninayo moja ambayo upande wa juu ina mbavu na kiunoni bado vinundu, kama mtu aliyevaa suti na kandambili.

Maua ni ya njano, yanatoka utosini, kwenye manyoya laini kama pamba yanayoota pale. Ila mpaka ifike upana wa sentimita 40 hivi, na kutoka mbegu hiyo ni kazi ya miaka 15 au zaidi. Ukitaka mbegu zako mwenyewe itabidi iwepo miwili inayochanua pamoja, mmoja hauzai peke yake. Kwa hiyo usigawe yote.

Usishangae pia ukikutana na jina Kroenleinia grusonii. Ni mmea huohuo, uliopewa jina jipya mwaka 2014. Mimi vibandiko vyangu sibadilishi, wino umeshakauka.

Fundi, kwenye kichujio cha chai umenishinda. Kwenye kifuniko bado nakukatalia.

Mzee wa Vyungu:

Mrejesho baada ya wiki tatu. Miwili ililala siku mbili za mwanzo, kisha kimya. Wekundu umebaki kwenye mmoja tu. Mkubwa wao sasa unalingana na kokoto, na miiba ukiigusa unaisikia.

Nimesia mbegu nyingine 30, zimesuguliwa kwenye kichujio, udongo umemwagiwa maji yanayotokota. Makopo mawili: moja nitalilegeza wiki ya nne kama Fundi, la pili silifungui mpaka Bibi aseme.

Mke wangu ndiye anayehesabu siku hizi. Jana tulibishana: mimi niliona nane kwenye kopo la zamani, yeye saba. Akaleta miwani na kijiti cha meno. Ya nane ilikuwa changarawe yenye ukijani wa kuvu.

Bibi Miiba:

Hiyo changarawe itoe leo leo.