Pacha wamepanda meza tena

Mama Pacha: Shikamooni wakubwa. Jamani hawa watoto watanimaliza! Mwaka na nusu tu, leo nimewashusha mezani mara nne. Kulwa anapanda, Doto anarusha vijiko. Nimewafunga mkanda kwenye viti vyao nikawawekea katuni, angalau nipike.

Mjomba: Marahaba. Wamemrithi baba yao 😂 Huyo tulimtoa juu ya mpera kwa ngazi.

Baba Pacha: Mjomba, na hilo nalo la kuandika humu?

Dada Nesi: Wifi, katuni zima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haushauri kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja. Na kufungwa kitini kusizidi saa moja kwa mkupuo. Kwa siku anatakiwa apate dakika 180 za kuchezacheza na kujongea, si lazima mfululizo.

Mama Pacha: Saa tatu? Hawa wanazimaliza kabla ya uji wa saa nne 😩

Shangazi: Doto si mkorofi, anatazama kitu kikirushwa kinaendaje. Ficha vijiko, mkunjie soksi ziwe mpira, weka beseni hatua mbili tatu atupie humo. Kulwa mtandikie godoro sakafuni, lundika mito, apande hadi achoke. Na mfundishe kushuka sofa kinyumenyume: tumbo chini, miguu itangulie. Wangu nilimgeuza hivyo kila akifika ukingoni, siku chache tu akawa anajigeuza mwenyewe.

Mama Pacha: Akianguka je shangazi?

Bibi: Wanangu hamjambo. Nyie nyote mlianguka, na mko hapa mnaandika. Simama karibu, usimshikeshike. Ila ndoo za maji mwageni au zifunikeni, hapo sina mzaha. Mtoto mdogo maji ya shibiri moja yanamzamisha.

Mama Pacha: Shikamoo mama. Naenda kumwaga ile ya bafuni sasa hivi.

Dada Nesi: Na usimpandishe mahali ambapo hajaweza kupanda mwenyewe. Atakwama huko juu, hajui alifikaje.

Mjomba: Kama kwenye mpera 😂😂

Baba Pacha: 📷 Nimetoa godoro la wageni.

Mjomba: Heee! Na mimi Jumamosi nitalala wapi?

Mama Pacha: Doto kaviringika mpaka kwenye mkeka, anacheka peke yake. Kulwa godoro kalitazama tu.

Bibi: Yuko wapi?

Mama Pacha: Mezani.