Tupeane uzoefu: mji gani mdogo umeutembea kwa miguu mpaka ukauelewa?

Fundi wa Kopi:
Wanajamvi, habari za jioni. Kazi yangu ni kurekebisha mashine za fotokopi. Mwaka wa kumi na moja huu nazunguka na mkoba wa vifaa kutoka Nairobi hadi Busia. Wateja wangu ni viduka vya katikati ya mji, na vile vilivyosongamana, boda hainifai. Ukipanda umeshafika. Ukishuka, mteja wa pili yuko milango sita mbele. Basi natembea.

Nianze na Nakuru, maana ndio mji ulionifunza. Umelala kwenye mteremko, mlima wa Menengai juu, ziwa chini. Ukipotea huhitaji ramani. Pumzi ikikata, unapanda kwenda Milimani. Ukijikuta unaharakisha bila kutaka, unaelekea ziwani. Walipoupa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 nilicheka kidogo, kwa sababu tao lote, yaani katikati ya mji, unalivuka na kikombe cha chai kabla hakijapoa.

Kenyatta Avenue nilikuwa nimeipita kwa matatu miaka mingi nikidhani naijua. Siku moja mvua ilinikuta nje, nimebeba ngoma ya mashine ya mteja ambayo ikilowa ni hasara yangu. Nikakimbilia veranda ya duka la zamani la Mhindi, zile zenye nguzo nene na mwaka wa kujengwa umechorwa juu kwenye paji la jengo. Duka hilo limeshikana veranda na la pili, la pili na la tatu. Nikatembea hivyo, duka hadi duka, nikipishana na mafundi cherehani, muuza miwani, kijana wa kava za simu na mzee anayesoma gazeti la mwenziwe. Mvua iko hatua moja kutoka begani, mimi mkavu kabisa. Nikafika kwenye ghorofa jipya, kioo kutoka chini mpaka juu. Veranda imekatika! Hatua ishirini hivi tu, na hapo ndipo niliponyeshewa.

Tangu siku hiyo nikiingia mji naangalia kitu hicho kwanza: aliyejenga alimfikiria anayepita, au anayeingia kununua tu? Haya, leteni yenu.

Nyar Nyalenda:
Omera, umenifurahisha, lakini hiyo hadithi yako ni ya mtu anayepita. Mimi ndiye fundi cherehani unayempita. Niko Kisumu, veranda si mbali na Oginga Odinga Street, na nimekaa hapo tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa chekechea. Sasa amemaliza kidato cha nne.

Nikwambie jinsi ya kumjua mgeni Kisumu. Anatembea juani. Mwenyeji huvuka barabara kufuata kivuli, asubuhi huku kwetu, ikifika saa saba anahamia upande ule. Mgeni akishashika upande mmoja anaushika mpaka mwisho, shati limegandana na mgongo, anajifuta na leso huku akisema joto la ziwa ni kali. Joto ni lile lile tunalokaa nalo sisi! Mimi saa yangu ni jua. Likigusa kanyagio la cherehani najua ni saa tisa kasorobo, nasogeza kiti. Wageni wao wanapiga picha ule mnara wa saa uliosimama tangu 1938.

Ile treni ya abiria kutoka Nairobi iliporudi Desemba 2021, tulikuwa tunawaona asubuhi, macho mekundu, wamelala wamekaa. Kutoka stesheni mpaka kwangu si mbali hata kwa mwenye begi, lakini mwenye tuktuk alishamwambia ni mbali sana, na akamzungusha ili pawe mbali kweli.

Sasa njia za miguu. Kabla ya Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022, tulipata kabro, yale matofali ya kutandika njia. Nzuri, sisemi uongo. Kabla ya hapo mvua ikinyesha nilikuwa naokota matope kwenye pindo za suruali za watu. Lakini vibanda navyo viliondolewa, na dada yangu alikuwa na meza ya viatu vya mitumba. Anaweza kukuelezea kitu ambacho mhandisi hatakuelezea: zamani njia ilikuwa nyembamba, mtu anakwama mbele ya meza, anangoja mwenye mkokoteni apite, macho yanaanguka kwenye kiatu, ananunua. Siku hizi watu wanapita vizuri. Wakipita vizuri hawasimami. Sitaki matope yarudi, jamani. Nasema tu kwamba ule msongamano ulikuwa unalisha mtu.

Kijana wa Nyanchwa:
Mimi natoka Kisii. Kisii hutembei, unasukumwa. Siku ya soko Daraja Mbili unaweza kuinua miguu yote miwili na bado ukafika. Naomba nisaidiwe: Nakuru mtu anakula wapi vizuri karibu na Nyayo Gardens?

Magongo Hamsini na Nane:
Fundi, hadithi yako tamu lakini nitaiharibu kidogo, unisamehe. Mimi ni wa Nakuru, Section 58, na natembelea magongo tangu ajali ya 2009. Hizo veranda zako ni ngazi.

Wewe huoni kwa sababu mguu wako unajipandisha wenyewe. Kila mwenye duka wa zamani alijenga sakafu kwa kimo chake. Huyu aliogopa mafuriko akainua futi moja, jirani hakuwa na pesa za saruji akaacha chini, wa tatu akaweka kipandio kimoja, wa nne viwili vyembamba ambavyo gongo halikai. Kuna kipande kimoja cha barabara nilikihesabu 2019, kona hadi kona. Ngazi tisa za kupanda na kushuka. Gongo la kulia, la kushoto, mguu. Gongo, gongo, mguu. Ukimaliza kipande hicho mikono inatetemeka hata saini huwezi kuweka.

Basi nashuka chini nitembee ukingoni mwa lami. Huko nako boda zimepangwa kama meno. Vijana wenyewe wana heshima, wakiniona wanasema "pita mzee" na kusogeza pikipiki, ila mmoja akisogeza, nyuma yake iko ya mwenziwe ambaye ameenda kula.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa 2003, ikaja mpya 2025 mahali pake, na inataka majengo ya umma yafikike. Ngazi za tao nadhani hazijui kusoma.

Na lile ghorofa la kioo ulilolilaumu kwa kukunyeshea? Mbele yake pamelainishwa, mteremko mzuri, sakafu moja. Mimi nikifika hapo ndipo napumzika. Mvua naichukua tu.

Kijana wa Kisii, ingia vichochoro vya nyuma, acha barabara kubwa. Fuata harufu ya chapati. Ukiona wenye maofisi na wenye mikokoteni wamekaa benchi moja, hapo kaa.

Fundi wa Kopi:
Mzee, umeninyamazisha. Miaka kumi na moja na sijawahi kuhesabu.

Omwana wa Lurambi:
Kakamega hapa. Sisi mvua haitukuti, tunaipanga. Asubuhi jua, mchana mawingu yanakusanyika upande wa msituni, saa tisa inamwagika. Mwenye shughuli za tao anazimaliza saa nane au anaanza upya saa kumi na moja.

Siku yangu ilikuwa 2016. Nimevaa suti ya kuazima, nina miadi Muliro Gardens na mtu ambaye sitamtaja kwa sababu leo ameolewa na anasoma huku. Mvua ikanipata njiani. Maji yakafunika barabara na mtaro pamoja, yote rangi moja ya chai ya maziwa. Nikakanyaga. Mfuniko wa mtaro haukuwepo. Niliingia mpaka kiunoni, bahasha ya vyeti nimeinyanyua juu kama anayebatizwa.

Mama muuza ndizi akanivuta kwa mkono mmoja, mwingine umeshika beseni kichwani. Hakucheka hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, mvua ikinyesha usiangalie maji. Tafuta mwanamke mwenye mzigo kichwani, kanyaga alipokanyaga." Na kweli, tangu hapo nikiwa mji wowote kukinyesha nafuata mama mwenye beseni. Bungoma, Mbale, Kitale, sijaanguka tena.

Miadi ilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi ya bustani nikichuruzika na yeye akakaa mwisho wa ile benchi. Hatukuendelea.

Dereva wa Probox:
Samahani kwa kuwa mkweli. Mnasifia kutembea kwa sababu hamna gari. Njooni Eldoret. Tumekuwa jiji tangu 15 Agosti 2024, jiji la tano, na bado kuna wazee wanaoliita 64, namba ya shamba lililokuwa hapo. Uganda Road inapita katikati ya mji. Malori ya kwenda Malaba, matatu, watoto wa shule, wote wamo. Kuvuka ni kazi ya sala. Nikiwa kwenye usukani nawalaani wanaovuka. Nikishuka kununua mkate nawalaani wenye magari. Hata mimi sijielewi.

Mpakani Kabisa:
Busia tunawaomba radhi Wakenya wote. Neno bodaboda lilianzia kwenye mpaka huu wa Kenya na Uganda. Vijana wa baiskeli walikuwa wanavusha watu na mizigo ule upande na huu, wanaita "boda! boda!" Sisi ndio tuliowafundisha kutotembea. Cha kuchekesha, hapa kwetu mtu anaweza kutoka nchi moja kuingia nyingine kwa miguu na sukari yake mkononi, lakini akienda posta anapanda pikipiki.

Nyar Nyalenda:
Mpakani, hujambo! Zile za baiskeli Kisumu tulikuwa nazo tele, zile zenye kiti cha sponji na nyuzi za rangi zinaning'inia. Mimi nilishona vifuniko vya viti hivyo mpaka vidole vikachubuka. Kazi hiyo imekufa. Pikipiki huja na kiti chake.

Kaka wa magongo, nimesimama hapa kuangalia sakafu yangu. Iko juu ya jirani kwa upana wa mkono. Wateja wangu wawili wazee huwa wanangoja chini mpaka nishuke kuwapima, na mimi nilikuwa nadhani ni aibu tu. Nimemwambia mwenye nyumba juu ya kipandio cha mbao. Amesema atafikiria.

Fundi wa Kopi:
Narudi na mrejesho, wiki mbili baadaye. Nilipata kazi Nakuru, mteja amehama duka na mashine yake kubwa, ile ya chini yenye magurudumu manne. Akasema si mbali, tuisukume, kuita gari ni gharama. Nikakubali, na nikamkumbuka mzee njia nzima.

Kila sakafu mpya ni kuinua mbele, kusukuma nyuma, kushusha polepole vioo visipasuke. Mwenye duka wa vitambaa alitoka kutukaripia tumekwaruza kipandio chake. Kijana wa boda alitusaidia mara mbili, hakutaka hata soda. Mahali pamoja tulilazimika kuteremsha mashine barabarani, magari yanapiga honi nyuma yetu. Tulipofika kwenye ghorofa la kioo iliteleza yenyewe. Nilisimama nikaliangalia jengo lile kwa macho mengine, ingawa jua lilinichoma.

Mzee, nadhani ni kipande kile kile chako. Kinaanzia kwenye duka la vitambaa mpaka kwa muuza miwani. Nimehesabu ngazi kumi na moja.

Magongo Hamsini na Nane:
Ndicho hicho. Lakini 2019 zilikuwa tisa. Basi wameongeza mbili.