Wauza koleti, mnatuona mafundi wa Mbeya hatujui tunachokitaka?

Wakuu, poleni na majukumu. Leo natema nyongo, mods mnivumilie.

Karakana yangu iko huku Iyunga. Kazi zangu nyingi ni pini na bushi: za mashine za kukoboa mpunga kutoka Mbarali, za karasha za wachimbaji wa Chunya, na vishafti vya pampu. Ukifunga pini kwenye chaki ya taya tatu iliyochoka, kile kibanio cha mbele ya mashine ya kukereza, ukiigeuza kukereza upande wa pili inayumba, halafu taya zinaacha makovu palepale ulipokwisha kung'arisha. Mteja akiona makovu anaanza kukata bei. Ndiyo maana nikatafuta koleti, yaani kibanio cha duara chenye mipasuo kinachoshika chuma kukizunguka pande zote.

Nikampata muuzaji wa Dar, simtaji. Nikamwandikia wazi: nataka chaki ya koleti za ER32 (aina inayokazwa kwa nati ya mbele), ya kufungwa kwa boliti mbele ya spindeli, ule mhimili unaozungusha kazi, iwe na tundu linalopita mpaka nyuma. Nipitishe chuma kirefu, nikate pini, nilegeze nati, nivute, nikate nyingine. Nikamtumia na picha za mashine. Jibu: "Tumeelewana bosi." Hela ikaenda.

Mzigo umeshuka kwenye basi, nafungua boksi, nakutana na kishikio chenye mkia wa koni ya Morse, yaani mkia unaopungua unene taratibu! Mkia ule unazama ndani ya spindeli na kukazwa na fimbo yenye uzi kutoka nyuma. Sasa chuma cha mita tatu kipitie wapi? Kinaingia kipande kifupi tu, kikigonga ukuta ndiyo mwisho. Kwa kushika kisu cha mashine ya milingi kingenifaa sana, lakini sikuomba hicho. Nampigia, ananijibu, "Fundi, koleti ni koleti tu, zote zinabana."

Zinabana nini? Ngoja niwaeleze na hiyo "seti kamili" yake. Ndani mna koleti za milimita 6, 8, 10, 12, 16 na 20. Jamani, koleti ya ER imeandikwa ubavuni: 10-9, 12-11, 16-15. Maana yake inabana kuanzia kipimo kikubwa kushuka milimita moja, basi. Kwa hiyo chuma cha milimita 14 kwenye seti hii hakina pa kukaa. Nusu inchi, ambayo huku ndiyo inayotembea kila siku, ni milimita 12.7. Inataka koleti ya 13-12, na haimo! Robo tatu ya inchi, 19.05, angalau inaingia kwenye ile ya 20-19. Nikamwambia hivyo, akanishauri nichukue ile ya 16 nikaze kwa nguvu mpaka ishuke. Ukifanya hivyo inabana kwa ukingo tu, kazi inayumba, na koleti yenyewe inapinda au inapasuka. Huyo ndiye mtu anayeuza vifaa vya usahihi.

Akanitumia na video ya "kunifundisha". Kachukua koleti, kaitumbukiza kwenye koni ya ndani ya kishikio kwanza, halafu kaja na nati juu yake, kakaza kwa spana ndefu, tena ndani hamna chuma chochote! Mwe! Koleti ya ER unaitia kwenye nati kwanza, kwa kuilaza upande, mpaka usikie imeingia kwenye ile pete ya ndani. Pete ile ndiyo inayoing'oa unapolegeza. Usipoinasisha, ukingo wa mbele unapondeka na koleti inaganda ndani ya koni. Na kukaza bila kitu ndani ni kuiua kabisa.

Halafu kuna nyie wa kwenye magrupu. Mtu akiuliza tu koleti gani anunue, mnamrukia: "chukua 5C, ndiyo mwisho wa matatizo". Mmemuuliza tundu la spindeli yake lina ukubwa gani? 5C ni aina nyingine ya koleti, inavutwa kwa nyuma na bomba linalopita ndani ya spindeli, na mwili wake peke yake ni inchi 1 na robo. Mwenye mashine ndogo ataipitishia wapi? Na inataka chuma kiwe kipimo chake hasa, kikipungua kidogo tu tayari unaiharibu. Sikatai, ni nzuri. Inashika kazi fupi vizuri kuliko ER, na zipo za pembe sita na za mraba. Lakini huwezi kumshauri mtu kifaa bila kuuliza mashine yake na chuma anachokata.

Na yule aliyesema anashikia nondo kwenye koleti, sina la kumwambia. Hata chuma cheusi chenye magamba kutoka kiwandani si duara kamili, kitakula koleti. Hicho kirudishe kwenye taya tatu, au taya nne.

Nilipofunga kile kishikio nikaweka geji ya saa, ile ya mshale inayoonyesha kazi inayumba kiasi gani, kwenye kipande nilichokuwa na uhakika nacho. Mshale ulitembea sehemu nane za mia za milimita. Tangazo lake limeandikwa "usahihi 0.005", bila kusema wamepima wapi wala kwa umbali gani kutoka kwenye nati. Chaki yangu mbovu ya taya tatu haijapitwa sana na hapo! Kurudishiwa hela hataki, eti nimeshafungua boksi. Ningejuaje kilichomo bila kufungua?

Sasa natafuta ile niliyoiomba tangu mwanzo. Mwenye nayo Mbeya, Makambako au Iringa aje inbox na picha ya NYUMA ya chaki, kipenyo cha tundu na kipenyo cha kile kiduara cha nyuma kinachokalia kwenye spindeli. Picha ya mbele msinitumie, mbele zote zinafanana.